Sanduku la Bibi Mwajuma

Mmeniomba, ninyi mliobaki ofisini, niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi hii, ili anayekuja nyuma yangu asianze kwa kupapasa. Nimekubali kwa shingo upande. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi na kila kimoja kilichelewa. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaeleza nilivyoingia, aliyenifundisha, na jinsi karatasi tulizokuwa tukizitunza zilivyoisha. Mkitaka maandishi ya kuwatia moyo vijana, mwombeni mwingine.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Niliporudi Rwanda baada ya vita nilikuwa mtu mzima mwenye watoto. Kifaransa sikukijua, na Kinyarwanda changu kilikuwa na lafudhi iliyowachekesha wauza viazi. Nilichokuwa nacho ni Kiswahili cha shule na mwandiko unaosomeka. Gisenyi walikuwa wanatafuta mtu wa namna hiyo hiyo, kwa sababu mji huu ulipoanza kuwa bandari, enzi za Wajerumani na miaka ya mwanzo ya Wabelgiji, watu wake waliandikiana kwa Kiswahili. Mfanyabiashara wa chumvi aliyetoka Ujiji, Mhindi wa vitambaa, Mgiriki wa ngozi, karani wa forodha, wote walikutana katika lugha hiyo. Karatasi zao zilikuwa zimerundikwa katika jengo la forodha ya zamani, pale ufukweni, na hakuna aliyejua kilichomo. Ndiyo nikaajiriwa. Maishani mwangu sikuwa nimeshika karatasi ya zamani kuliko cheti changu cha ubatizo.

Siku ya kwanza nilimkuta Papa Evariste, mwenzangu wa pekee katika kazi ile, amekaa juu ya kreti ya bia, anapangusa vumbi la karatasi kwa brashi ya kunyolea ndevu. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti lake limeisha viwiko. Alisoma seminari kule Nyundo na kuiacha kabla ya upadri, kwa sababu aliyoieleza kila mwaka kwa namna tofauti. Kijerumani na Kilatini alivipata huko. Vita ilimwachia binti mmoja tu katika watoto wake wote, na hilo alilisema mara moja, siku ile ile ya kwanza, ili nisije nikamuuliza tena.

"Bon, Madame Spesioza," akaniambia. "Humu karatasi iko namna tatu. Iko ile inasomeka. Iko ile inasomeka ukiilazimisha. Na iko ile ya panya. Ya panya usishike na mukono, shika na kijiti."

Nikamuuliza za panya ni nyingi kiasi gani.

"Panya alianza kazi mbele yetu," akasema.

Alinifundisha kuinua ukurasa kwa kipande cha mwanzi kilichochongwa kikawa chembamba kama ukucha. Alinifundisha kung'oa pini zilizoliwa na kutu bila kuvuta, kwa kuzizungusha taratibu kama anayeng'oa jino la mtoto. Gundi ya unga wa muhogo aliikataza kabisa, maana mende wanaipenda kuliko wanavyoipenda karatasi yenyewe. Na chai haikuingia ndani ya chumba, hata mvua inyeshe vipi. Tulikunywa nje kwenye ngazi, tukitazama ziwa na vibarua wakipakua saruji.

Kusoma ndiko kulikonitesa. Makarani wa zamani walifundishwa tahajia na Wajerumani, kwa hiyo "kisha" waliandika "kischa", na "chumvi" ilianza kwa msururu wa herufi ambao hata leo sijui waliuvumiliaje. Nilikaa siku nzima na barua moja ya malalamiko juu ya ngozi za ng'ombe zilizoachwa gatini zikanyeshewa, nisielewe hata mstari. Papa Evariste akanisikiliza nikihangaika kimya, akasema, "Unasoma na macho. Soma na mudomo. Huyu mutu alikuwa anasema, hakuwa anaandika." Nikasoma kwa sauti. Mara yule mfanyabiashara akaanza kuzungumza chumbani, amekasirika, anataka kujua nani atamlipia ngozi zake. Tangu siku hiyo sikusoma tena kimya, na wageni waliopita koridoni walidhani ofisi yetu ina ugomvi kila asubuhi.

Sehemu kubwa ya karatasi hatukuzikuta ndani. Wakati wa vita jengo lilivunjwa, na waliolivunja walichukua madirisha na mbao za rafu, karatasi wakazimwaga. Wenye akili wakaziokota na kuzipeleka sokoni. Kwa hiyo mwaka wetu wa kwanza tulifanya kazi soko la Mbugangari. Wanawake waliouza sambaza waliokaangwa walikuwa wakifunga dagaa hao ndani ya vibali vya kupakia mizigo vya enzi za Wabelgiji. Papa Evariste aliwanunulia magazeti ya zamani, akayabadilisha karatasi kwa karatasi. Waliokataa kubadilishana, tulinunua sambaza zao. Tulikula sambaza mpaka binti yake akagoma kuja kula kwa baba yake. Karatasi za namna hiyo mtazijua kwa harufu na kwa madoa ya mafuta. Au mngezijua. Nasahau.

Halafu ukaja mwaka ule moto wa volkano ulipoingia Goma, ng'ambo ya mpaka. Anga ya upande wa pili ilikuwa nyekundu, na watu wakamiminika mpakani na magodoro, mbuzi, mashine za kushonea. Siku ya pili, mchana, nilimkuta mwanamke mlangoni, wa makamo, kanga yake imejaa majivu, ana sanduku la mbao kichwani. Nyuma yake alisimama kijana mkubwa mwenye hasira.

"Salama, mama," akasema yule mwanamke. "Mi siombi kintu. Nasikia humu munachunga makaratasi ya zamani. Hii iko ya babu yangu. Kule nyumba imeungua. Muichunge."

Kijana akadakia. "Batu wote wanakimbia na masufuria, Maman anakimbia na makaratasi. Hajui hata kuyasoma."

"Sufuria nitanunua ingine," mama yake akamjibu bila kugeuka.

Huyo ndiye Bibi Mwajuma, na yule alikuwa mwanawe, Ramazani. Papa Evariste alimtua sanduku, akamletea kiti, akalifungua mbele yake. Ndani kulikuwa na barua za Rashidi bin Feruzi, mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa vya amerikani aliyekuwa na mashua zake hapa Gisenyi gati likiwa bado mawe matupu. Nyingine ni nakala za ugomvi wake na bwana forodha. Nyingi alimwandikia mdogo wake aliyebaki kulinda duka, yeye mwenyewe akiwa safarini kusini mwa ziwa. Kwa mtu wa kazi yetu ilikuwa kama kupewa mji mzima uliofungwa kwenye kitambaa. Barua za serikali zinakueleza mtu alishtakiwa nini. Hizi zilieleza alikula nini, alimcheka nani, na kwa nini hakumwamini nahodha wake.

"Munisomee moja," akasema Bibi Mwajuma.

Nikamsomea ya juu kabisa, ambayo ilikuwa ya kumtukana nahodha. Akacheka mpaka akafuta machozi. Nikasoma ya pili. Hiyo Rashidi aliiandika akiwa mbali, amesikia mtoto wake wa kike ana homa. Alimwomba mdogo wake amwekee binti kipande cha kitambaa kizuri, asikiuze hata kwa mzungu, na alimtaja mtoto kwa jina la nyumbani, lile la kubembelezea.

"Rudia hapo," Bibi akasema.

Nikarudia.

"Huyo iko mama yangu," akasema. "Mi nilikuwa nanyonya bado wakati alikufa. Picha hakuna. Batu walikuwa wanamuita Asha, ao mama ya Mwajuma. Hiyo jina ingine sijawahi kuisikia."

Akaniomba nirudie tena. Ramazani, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa tayari kuondoka, akaja akachuchumaa karibu na kiti cha mama yake.

Kuanzia hapo alikuja kila Alhamisi, kwa miaka mingi. Alirudi Goma akajenga tena juu ya lile jiwe jeusi lililoachwa na moto, kama walivyofanya wote, na alivuka mpaka mdogo, ule wa waenda kwa miguu, kila siku kuuza unga na mboga upande huu. Alhamisi akimaliza alipita kwetu na mandazi, tukayala kwenye ngazi, tukanawa mikono kwa sabuni, ndipo nikamsomea. Alizijua barua zote kwa mpangilio. Nikiruka mstari alinikamata. Lakini ile ya homa aliiacha mwisho kila mara, na kwenye jina la mama yake alifumba macho. Wakuu wa ofisi wawili waliniuliza kama kumsomea yule bibi ni sehemu ya kazi. Niliwaambia ndiyo. Hawakuwa na hakika, wakaacha.

Ramazani aliwahi kuomba kupiga picha zile barua kwa simu. Sheria ya ofisi ilikuwa simu zote zinabaki kwa mlinzi, na tuliahidiwa mashine ya skana, kwa hiyo aliambiwa asubiri. Mashine ilikuja kweli. Ilianza na karatasi za viwanja, kwa kuwa wenye viwanja walijipanga mlangoni tangu alfajiri na shida yao ilikuwa ya leo. Sikuwa na neno la kupinga. Karatasi za bandari ziliwekwa awamu ya pili. Awamu ya pili ni maneno ambayo mtayasikia sana katika kazi hii.

Papa Evariste alistaafu macho yake yalipokataa. Alirudi Nyundo, kwenye kilima juu ya mto Sebeya, akalima maharage. Nilibaki peke yangu na ile brashi ya kunyolea, ambayo sasa ilikuwa na nywele za kuhesabika.

Kisha mlima ukalipuka mara nyingine. Safari hii pia moto haukutufikia, lakini ardhi ilitetemeka siku baada ya siku, mchana na usiku, mpaka watu wa Gisenyi wakalala nje. Jengo letu lilipasuka kutoka dirishani hadi msingi. Wakaja wahandisi, wakalizunguka, wakachora alama nyekundu ukutani, ile ambayo ikishachorwa hakuna wa kuifuta. Bibi Mwajuma naye alichoka na Goma. Alihamia kwa Ramazani, ambaye alikuwa ameoa na kupanga nyumba Mbugangari.

Kiwanja cha forodha ya zamani kilikuwa na mtu anayekitaka kwa hoteli, na sisi tukaambiwa tuhamishe kila kitu upesi. Tulipewa ghala lililokuwa la viazi vya Bugeshi, kule bondeni, ng'ambo kidogo tu ya Sebeya. Nilipofika kulitazama nilinusa viazi vilivyooza na nikaona mstari wa tope mkavu ukutani, unanifika gotini.

Nikapanda kilimani kwa Papa Evariste. Alikuwa amekaa barazani, haoni vizuri, ila alinitambua kwa hatua.

"Wanatupeleka bondeni," nikamwambia. "Lile ghala la viazi."

Akageuza sikio upande wangu. "Pale kando ya mto?"

"Pale pale."

"Madame, ile mto inakulaga mashamba ya batu kila mwaka. Haifichi. Umewaambia?"

"Naandika kesho."

"Andika leo," akasema.

Niliandika siku ile ile. Niliandika tena juma lililofuata, nikaambatisha picha ya mstari wa tope. Mkuu wa ofisi wa wakati huo, ambaye simtaji, hakuwa mtu mbaya. Alikulia Kampala, na Kiswahili alikitoa neno moja moja kama anayekihesabu. Aliniita, akanikalisha.

"Madame, nimesoma barua yako. Nakuelewa. Lakini hii ni temporari. Miezi kidogo tu. Jengo mpya inakuja."

"Na mvua ikija kabla ya jengo?"

"Tutaweka juu. Rafu ya juu." Akaonyesha kwa mkono, juu ya kichwa chake.

"Nipe basi gari nizipeleke kwanza zile karatasi za zamani mahali pengine. Hata shuleni, hata parokiani."

"Nikitoa vitu vya serikali nje ya ofisi, mimi ndiye nitaulizwa," akasema. Na hilo lilikuwa kweli. Angeulizwa. Yaliyotokea baadaye, hakuna aliyeulizwa.

Tukahama. Nilipanga mwenyewe. Vibali chini, malalamiko ya wapagazi katikati, barua za wafanyabiashara juu, na sanduku la Rashidi bin Feruzi juu kuliko yote, karibu na mabati. Bibi Mwajuma alikuja mara moja tu kule, miguu ilikuwa imeanza kumsumbua. Alitazama ghala, akanusa. Nilimsomea barua mbili kwenye mwanga wa mlango.

Mvua ya mwaka ule mnaikumbuka wote, sina haja ya kuieleza. Nilipigiwa simu alfajiri na mlinzi, ambaye alipanda kilimani akapona. Barabara ilikuwa imekatika, nikaenda kwa miguu. Kadiri nilivyokaribia bonde ndivyo nilivyokutana na watu wengi zaidi, wamebeba vitu visivyolingana, mlango, jerikani, kiti bila miguu. Mto ulikuwa umerudi chini lakini ulikuwa umepita kila mahali. Ghala halikuwepo. Kulikuwa na kona moja ya ukuta, na tope lililofika juu kuliko mimi.

Nilianza kuchimba kwa mikono pale nilipodhani palikuwa na rafu. Mwanamke mmoja alikuwa akichimba hatua chache kutoka kwangu, kwa sufuria. Alikuwa na matope hadi kwenye nyusi. Akanitazama akaniuliza kwa Kinyarwanda, "Urashaka nde?" Unatafuta nani.

Sijawahi kuulizwa swali gumu kama hilo. Nilimwambia simtafuti mtu. Nikamuuliza yeye, akasema mume wake. Nikaacha nilipokuwa, nikaenda kuchimba naye. Mumewe alipatikana siku iliyofuata, mbali, karibu na ziwa.

Ninyi wa kazi hii mtaelewa, na wengine wasipoelewa siwalaumu. Mji ulikuwa unazika watu. Ningesimama wapi niseme nalilia barua za chumvi? Nilikwenda kwenye mazishi, nikapika, nikabeba maji, na kila nilipopata nafasi nilirudi kwenye lile tope. Nilijificha kama mtu anayeiba.

Sanduku tulilikuta siku kadhaa baadaye, mimi na mlinzi. Mbao zilikuwa zimefumuka. Barua zilikuwa humo, zote, zimeshikana kama kipande cha ugali uliolala. Nikazibeba kwenye beseni hadi kwa Papa Evariste, tukafunga kamba za kuanikia nguo uani, tukajaribu kutenganisha kurasa kwa mwanzi, yeye akipapasa kwa vidole kwa kuwa macho hayakumsaidia. Wino wa zambarau wa barua zile ulikuwa umekimbia wote. Kila ukurasa tulioutenga ulitoka wa rangi ya waridi, wa kupendeza, na haukuwa na neno. Baada ya kurasa chache aliweka mwanzi chini.

"Iko nini juu yake?" akaniuliza.

"Hakuna, Papa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanawa mikono, akakaa. Ukungu ulizimaliza zilizobaki kabla hazijakauka. Halafu watu wa afya wakapita nyumba kwa nyumba, wakasema tope la bonde limechanganyika na vyoo, kila kilichotoka huko kizikwe na chokaa. Walikuwa sahihi. Nilitia sahihi, zikafukiwa katika shimo moja na magodoro. Papa Evariste alifariki kiangazi hicho. Daktari alisema ni mapafu.

Kutoka ofisi kuu walituma fomu ya kompyuta ya kuripoti hasara. Kila faili ilibidi ichaguliwe hali yake: nzuri, wastani, mbaya. Hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba haipo. Nilipiga simu kuuliza, nikaambiwa nichague iliyo karibu. Kwa hiyo mkifungua orodha leo mtakuta karatasi za bandari ya Gisenyi zote zipo, na hali yake ni mbaya. Orodha ya zamani niliyoiandika mwenyewe nayo bado ipo, nakala yake ilikuwa Kigali. Inasema: barua ya familia, kurasa mbili, juu ya safari na ugonjwa wa mtoto, hali nzuri. Ndivyo tulivyofundishwa kuandika orodha. Unaeleza barua inahusu nini. Huandiki ilisema nini, maana barua yenyewe ipo, atakayetaka ataifungua.

Kwa Bibi Mwajuma nilichelewa kwenda. Nilijiambia barabara ni mbaya, nikajiambia ana miguu mibaya hatasikia habari. Nilipofika alikuwa amekaa kitandani, mke wa Ramazani anamkanda magoti. Alinitazama mara moja tu.

"Imeenda," akasema.

"Imeenda, Bibi. Niliiweka juu kabisa."

"Najua." Akamwambia mkwewe aniletee chai. "Ihangane, mama, vumilia. Batu wamekufa. Tusilie karatasi."

Ramazani alikuwa mlangoni, sasa mtu mzima mwenye mvi kidogo. Niliogopa atanikumbusha zile picha za simu alizokatazwa kupiga. Hakunikumbusha. Alitoka nje, akakaa huko mpaka nilipoondoka.

Nilianza kwenda Alhamisi, kwa kuwa yeye hakuweza kuja. Miezi ya mwanzo hakuzitaja barua. Siku moja, katikati ya mazungumzo juu ya bei ya viazi, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeulizia kitu alichokiacha kwangu.

"Ile jina ya mama yangu. Ile ya nyumbani. Ilikuwa aje?"

Nikafungua mdomo. Barua niliiona mbele yangu yote: mkunjo wake katikati, doa la chai pembeni, herufi ndefu za Rashidi. Niliona mahali jina lilipokaa, mwanzo wa mstari, chini ya neno homa. Jina lenyewe halikuja.

"Ngoja, Bibi. Litanijia."

"Mi nilikuwa nalijua," akasema. "Kila mara nilikuwa nalijua. Halafu kichwa hii ya uzee. Nikasema haina neno, Mama Spesioza iko nalo." Akatazama mikono yake. "Nilikuachia we."

Nilirudi nyumbani nikapitia herufi zote, moja moja, nikisema kwa sauti jikoni kama nilivyofundishwa. Nimezitafuta daftari zangu. Nimempigia yule mlinzi, aliyenisikia nikisoma miaka yote ile, akasema alikuwa anasikia, hakuwa anasikiliza. Nimemuuliza Ramazani, akasema siku zile alikuwa kijana mwenye njaa.

Nilistaafu mwaka huu. Mlinisomea hotuba nzuri, mkanipa saa ya ukutani na cheti. Ofisi mpya imejengwa, kavu, juu kilimani, ina rafu za chuma hadi darini. Mmenionyesha kwa furaha na sikutaka kuwaharibia. Zitumieni. Mtu wa familia yoyote akiwaletea karatasi, msimwahidi kitu. Msomeeni kwanza, na anachokitaka sana kiandikeni mahali pengine, nyumbani kwenu, kwenye kalenda ya ukutani, popote. Hilo ndilo la kitaalamu nililobaki nalo.

Alhamisi bado naenda Mbugangari. Bibi Mwajuma haoni vizuri sasa, ila kichwani yupo. Kila nikienda namtajia jina moja au mawili niliyoyafikiria wiki nzima, majina ya kubembelezea watoto ya watu wa enzi zile. Anafumba macho, analitamka polepole, analisikiliza. Wiki iliyopita nilimpelekea moja nililodhani kwa hakika ndilo. Nilikuwa nimeamka nalo mdomoni, nikatoka hata bila kunywa chai.

Alilirudia mara nyingi kuliko mengine. Mkwewe aliacha kuosha vyombo akatusikiliza.

"Hapana," akasema hatimaye. "Haiko ile." Akanipapasa mkono mpaka akaupata. "Lakini nayo iko muzuri. Mama yangu angeipenda."